Naomba ushauri: nawafundishaje vijana wa friji na AC wasiachie gesi hewani, wakati mtaani kila fundi anaachia?

Mkufunzi_Ziwa

Habari za jioni wakuu.

Mimi ni mkufunzi wa friji na viyoyozi kwenye chuo kimoja cha ufundi huku Kanda ya Ziwa, huu ni mwaka wangu wa saba. Nina jambo linaniumiza kichwa, naomba mawazo yenu, hasa nyie mnaoifanya kazi hii mtaani.

Mada ya mazingira naifundisha vizuri tu. Vijana wanaijua Itifaki ya Montreal ya 1987, ule mkataba wa kulinda ozoni, wanajua gesi ya kupoozea ya R22 inaondolewa hatua kwa hatua na kwa nchi zetu mwisho wake ni 2030, wanajua Marekebisho ya Kigali ya 2016 ya mkataba huo yamezibana na hizi gesi za R134a na R410A ambazo haziharibu ozoni ila zinaongeza joto la dunia. Mtihani wa kuandika wanafaulu. Ukiwauliza tabaka la ozoni linafanya kazi gani wanakujibu kabla hujafunga mdomo.

Juzi nikaenda kuwakagua walioko mafunzo kazini. Kijana wangu aliyeongoza darasa nikamkuta kapiga magoti mbele ya AC ya R22, spana kaishikisha kwenye nati ya bomba jembamba, analegeza. Pssssss. Ilitoka gesi mpaka nati ikafunikwa barafu nyeupe. Aliponiona akaificha spana mgongoni kama mtoto aliyekutwa na kopo la sukari. Nikamuuliza, "Darasani tulisemaje?" Akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwalimu, ile ni ya mtihani."

Nikakosa la kusema. Bosi wake ana geji moja ya kupimia presha ya gesi, mpira wake mmoja umezungushiwa tepu. Mashine ya kunyonyea gesi na kuihifadhi kwenye mtungi hajawahi hata kuigusa. Na mimi nimseme vipi, wakati chuoni tunayo moja, iliyoletwa na mradi, inakaa kwenye kabati la ofisi na hutoka siku wakija wageni? Darasa langu lina vijana 32.

Sasa nafanyaje? Niongeze vipindi? Niwakataze kwenda kwa mafundi wa namna hiyo? Na mafundi wa namna nyingine sina. Nawasilisha.

mchovya_andazi

Kopo la sukari 😂😂 Mimi ni mhasibu sijui chochote ila nimekaa siti ya mbele.

Fundi_Kaptura

Mwalimu pole, ila kijana wako kasema ukweli. Nipo kazini tangu 2009. Mteja akikuita AC haipoozi, anataka ndani ya saa moja ipooze. Ukimwambia "subiri kwanza ninyonye gesi niihifadhi" anakuona unatafuta pa kuongezea bei, anamwita mwingine. Halafu ile gesi iliyobaki ndani mara nyingi ina unyevu na uchafu, kompresa, ile pampu ya gesi, imeungua humo. Niirudishe ikaue kompresa mpya nilipishwe mimi?

Mambo mengine tunaletewa na watu ambao hawajawahi kupanda ngazi saa saba mchana na mtungi begani.

Mwl_Randa

Mimi nafundisha useremala, kwetu hakuna hata mashine ya kabatini. Ila ugonjwa ni ule ule. Mazingira yamewekwa kama mada ya mwisho wa muhula, ikifika zamu yake umeme umekatika na vijana wanawaza nauli ya kurudi kwao. Mwaka jana niliiacha ile mada kama ilivyo, nikaanza kuwapimia kila mmoja mabaki ya mbao yake kwenye ndoo. Mwenye ndoo nyepesi anapata alama. Hawajawahi kupanga vipande kwa makini namna ile.

Bwana_Chumvi

Bwana mwalimu, assalaam aleikum. Mie niko Unguja, AC za hoteli ndio riziki yangu. Huku upepo wa bahari unakula kondensa, ile sehemu ya nje inayotoa joto, bati linakuwa kama biskuti iliyolowa, kwa hiyo kila wiki tunashusha na kupandisha mashine.

Nikwambie kitu: kazi nyingi za kijana mtaani hazihitaji hiyo mashine iliyofungiwa kabatini. Kuhamisha AC, kubadilisha bomba, kushusha kile kisanduku cha ndani kukisafisha, gesi yote unaweza kuirudisha kwenye kisanduku cha nje kwa kutumia kompresa ya AC yenyewe. Iwashe ipooze kama kawaida, funga geji upande wa bomba nene, iache itulie dakika chache. Kisha funga valvu ya bomba jembamba. Kompresa itaendelea kuvuta, utaona sindano inashuka. Ikikaribia sifuri funga valvu ya bomba nene na zima umeme hapo hapo, usingoje. Gesi yako imelala nje salama. Umetumia geji moja na spana ya alen ya kufungia valvu.

Lakini wasisitizie hapa: sindano isipite sifuri na kompresa ikiwa inazunguka, na bomba lisilegezwe hata kidogo mashine ikiwa inafanya kazi. Hewa ikinyonywa ndani ikakutana na mafuta ya moto ya kompresa, hiyo kompresa inapasuka kama bomu, na watu wamekufa kwa jambo hili. Na kompresa ikiwa mbovu, njia hii haipo, hapo ndipo mashine ya kunyonyea inapohitajika.

Fundi Kaptura, hapo kwenye kompresa iliyoungua uko sawa, gesi ile hairudishwi. Ila yule anayehama nyumba na AC yake nzima, ukaiachia gesi yake kisha ukamuuzia nyingine, hapo umemlipisha kitu chake mwenyewe.

Fundi_Kaptura

Bwana Chumvi hapo umenipata kidogo. Sijakataa.

Mkufunzi_Ziwa

Bwana Chumvi, shukrani. Nikiri kitu: hii njia naifundisha, tena kila mwaka, lakini naifundisha kama ujanja wa kuhamisha AC, nusu saa imekwisha. Haijawahi kunijia kuwa hilo ndilo somo lenyewe la mazingira, na ule ubao wangu wenye mchoro wa ozoni ndio pambo. Mwl_Randa na ndoo yake pia amenigusa.

Jua_Kali_Nyali

Mwalimu, salamu kutoka Mombasa. Mimi nilianzia kwa jua kali, baadaye ndio nikafanya mtihani wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi ya Kenya. Nikuambie kilichonifanya niache kuachia gesi, na haikuwa ozoni.

Ilikuwa AC ya ofisi, R22. Nikaachia gesi, nikangoja kidogo, nikaona imekwisha, nikawasha moto nichomee bomba. Ilikuwa haijaisha. Moto ukageuka rangi ya kijani, na moshi ukanipiga machoni na kooni kama mtu amenitia pilipili. Nikatoka nje nikikohoa, usiku kucha kifua kinabana. Baadaye ndio nikaelezwa kuwa gesi hizo zikipita kwenye moto zinageuka tindikali na sumu, ikiwemo fosjini, ile ile iliyotumika kuua wanajeshi katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kijana wa miaka 19 ukimwambia ozoni, anaona ni mambo ya mawinguni. Mwambie ni kifua chake. Mwoneshe huo moto wa kijani kwa picha au video, usimfanyie kwa vitendo. Hatalegeza nati na kuwasha moto ovyo tena.

Dada_wa_Mtumba

Naomba niseme upande wa friji maana nauza friji za mtumba hapa Dar na nina mafundi wawili. Walimu mnafanya kosa moja. Mnawaambia vijana kuna gesi mpya "rafiki wa mazingira", basi wao wanasikia "haina madhara". Gesi hizo, R600a na R290, kweli hazigusi ozoni na joto lake kwa dunia ni dogo sana, lakini zinawaka! Ni ndugu wa gesi ya kupikia, na hizi hazijatiwa ile harufu ya kukushtua. Ikivuja inatambaa chini sakafuni inasubiri cheche.

Fundi wangu mdogo aliletewa friji yenye kile kibandiko cha pembetatu ya njano chenye alama ya moto kwenye kompresa. Hakukitazama. Akachomea palepale kama alivyozoea. Tulishukuru Mungu ni nyusi tu zilizoondoka na kope. Sasa kwangu sheria ni moja: kabla ya kugusa chochote unanisomea kibandiko kwa sauti. Ikiwa ni R600a, kazi inafanyika nje penye upepo, gesi inatolewa kwa mpira mbali na moto, bomba linakatwa kwa kikatio, na moto hauji mpaka mfumo umevutwa na kusafishwa kwa naitrojeni.

Na wale wanaojaza gesi ya jikoni kwenye friji ya R134a ili kubana bei, mwalimu wapige marufuku darasani kwako kwa jina. Swichi na taa za friji ile hazikutengenezwa kukaa na gesi inayowaka.

mchovya_andazi

Nimeinuka kwenda kusoma kibandiko cha friji yangu. R600a. Nimerudi kukaa mbali nayo.

Dada_wa_Mtumba

Hahaha, kaa nayo tu mdogo wangu. Ndani yake kuna gramu chache, mara nyingi chini ya mia moja, na ikiwa haivuji haina shida. Shida ni fundi asiyesoma.

Mtathmini_Mstaafu

Mkufunzi, nimesahihisha mitihani ya vitendo miaka mingi. Mwanafunzi hufuata alama, na hilo si kosa lake. Kwenye fomu nyingi za vitendo nilizokutana nazo, AC ikipooza mwishoni anapata alama zake. Gesi ya zamani ilikwenda wapi hakuna anayeuliza. Yule kijana aliyekuambia "ile ni ya mtihani" alikuwa anakueleza namna ulivyomtahini.

Nunua mizani ya kidijitali, hata ya dukani ilimradi isome gramu na ibebe uzito wa mtungi. AC ina kibandiko cha kiasi cha gesi, tuseme gramu 700. Mwanafunzi apime mtungi kabla, anyonye, apime tena, aandike. Tofauti ndiyo alama yake. Akileta gramu 200 bila maelezo, hata AC ipooze namna gani, zoezi hilo arudie. Hapo mazingira yanakuwa namba kwenye karatasi, hayakwepeki.

Mambo mawili ya usalama. Ile mitungi myepesi ya kutupwa, kama ya R22 ya kilo 13.6, isijazwe tena kamwe. Valvu yake imetengenezwa kutoa, haikutengenezwa kupokea. Tafuta mtungi wa kunyonyea wenye valvu mbili. Na usiujaze kupita asilimia 80, kimiminika kikipata joto kinatanuka na kikikosa nafasi kinapasua chuma.

Ukitaka hesabu ya kuwashtua: kilo moja ya R22 ikiachiwa, kwa joto la dunia ni kama kilo 1,810 za kaboni dayoksaidi. Lita moja ya petroli ikichomwa inatoa kilo 2.3 hivi. Wagawanye wenyewe ubaoni. Inakaribia lita 790, yaani tangi la bodaboda la lita 10 ulijaze karibu mara 79.

Fundi_Kaptura

Mara 79 kwa sekunde chache za pssss? Duh.

Sasa mwalimu nikushauri mimi fundi wa mtaani. Umehangaika na kijana, lakini kijana kwangu hana sauti. Nikimwambia legeza, atalegeza. Mwenye kufundishwa ni mimi. Waite mafundi mnaowapelekea wanafunzi, Jumamosi moja, saa tatu. Msituandalie semina ya kukaa na chupa ya maji; leteni AC mbovu tufanye kazi. Na hiyo mashine ya kabatini tuazimeni kwa zamu, kwa maandishi, na mwanafunzi wenu aje nayo kama mlinzi wake. Mimi nitamwambia mteja "leo kuna kifaa cha chuo", hilo hata mteja analipenda, linaleta heshima.

Na kingine, mimi cheti sina. Ukinipa njia ya kupata cheti nitakuja hata Jumapili.

Mtathmini_Mstaafu

Kaptura, njia ipo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: unapimwa kwa kile unachokijua, panapopungua unafunzwa, unapewa cheti. Ulizia kwenye chuo chao kilicho karibu nawe.

Mkufunzi_Ziwa

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki mbili, maana niliahidi moyoni.

Mashine imetoka kabatini. Haikuwa rahisi, nilitakiwa kusaini karatasi tatu na mtunza stoo aliniangalia kama naiba jeneza. Mafundi niliowaalika walikuwa tisa, walikuja watano, na wawili kati yao waliondoka mapema kwa sababu ya simu za wateja. Sawa. Tuliifanyia kazi AC ya ofisi yetu, kibandiko gramu 680. Mizani tuliazima kwa muuza dagaa, nikambandikia tangazo la biashara yake karakanani kama malipo.

Aliyeshika geji ni yule kijana wa spana. Alikuwa anatoka jasho. Mtungi ulipopimwa mara ya pili ukaonesha ongezeko la gramu 610, watu wakapiga makofi kama goli. Mabosi wawili wameandika majina ya kuazima mashine, Jumatano na Ijumaa. Fomu ya alama nimeirekebisha kwa mazoezi yangu ya ndani. Ya mtihani wa taifa iko juu ya uwezo wangu.

Fundi_Kaptura

Safi sana mwalimu. Ila 680 toa 610, hizo 70 ziko wapi? Usije ukawa umetuachia.

Mkufunzi_Ziwa

Swali hilo hilo kaliuliza kijana. Nyingine zimebaki kwenye mafuta ya kompresa, nyingine kwenye mipira ya geji, na huenda AC ilikuwa ikivuja kidogo kabla hatujaigusa. Jumatatu tunaanza na povu la sabuni kwenye maungio, tuone.