Boya likikatika mpakani, kwa nini kosa liwe la mvuvi?

Jamani, hili lisemwe waziwazi. Tangu 1986 bahari yetu hapa Mombasa ina sehemu mbili: mbuga, kama kilomita 10 za mraba, ambamo hakuvuliwi kitu, na hifadhi pana inayoizunguka, kama kilomita 200 za mraba, ambamo dema, yaani mtego wa samaki, na mshipi ni halali. Majini mstari huo hauonekani ila kwa maboya. Boya likipotea Nyali au Bamburi, mwenye dema ndiye anayeshikwa. Aliyepewa dhamana ya kulitunza haulizwi na mtu.

Wala msiseme, ninyi wasimamizi wa mbuga, kwamba wavuvi wanachokoza kwa kusogelea mpaka. Samaki wakizidi ndani ya mbuga hutoka nje, na watafiti walipima hapa hapa Mombasa wakakuta madema ya karibu na mpaka ndiyo yanayopata zaidi. Kila mtu atatega hapo, kwa haki kabisa, na hapo ndipo alama ingetakiwa iwe wazi kuliko pote. Isitoshe, kusi, upepo wa kusini, ikichafuka wimbi hulibingirisha dema lenye mawe machache likavuka lenyewe.

Sababu za maboya kukatika zinajulikana. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mchanga na mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa hupita mita 3. Kamba ikiwa fupi, maji yakijaa boya huvuta zege linalolishikilia chini likasogea, na mpaka ukasogea nalo. Ikiwa ndefu mno, maji yakipwa hulala chini ikasagwa na mwamba mpaka ikakatika. Fungeni mnyororo upande wa chini, kamba juu, na kiungo cha kuzunguka katikati isijisokote. Pini za shakeli, vile vyuma vya kuunganishia, zikazwe kwa waya. Mtu azamie kukagua kabla ya kusi na baada yake. Na zege likae kwenye mchanga, si juu ya matumbawe yale yale mnayosema mnayalinda!

Mwenye juya, wavu wa kukokota, ashikwe, limepigwa marufuku tangu 2001, hatumtetei. Lakini BMU, kamati ya wavuvi ya usimamizi wa ufuo, ikiripoti boya limepotea, kamatakamata ya wenye dema kipande hicho isimame hadi lirudi. Mpaka utajwe pia kwa alama mbili mbili za nchi kavu zinazoonekana kwenye mstari mmoja, maana ndivyo mvuvi anavyojua alipo, si kwa nambari za GPS.

Tena sheria ya wanyamapori ya 2013 inazipa jamii zinazopakana na mbuga angalau asilimia 5 ya manufaa yake. Hesabu hiyo ibandikwe kila diko, pale samaki wanaposhushwa, mwaka kwa mwaka, tuisome.