Mrejesho: vishikwambi 30 vya kusomea vitabu, darasa la sita

Wakuu, asanteni. Niliuliza jinsi ya kuchaji na kupakia vitabu kwenye vishikwambi 30 vya wino wa kielektroniki, shule isiyo na intaneti.

Kuzima Wi-Fi muda wote kumelipa kuliko yote: chaji ya siku nne sasa inagonga wiki mbili. Calibre, programu ya kompyuta ya kusimamia vitabu vya kielektroniki, tunaitumia kugeuza aina za faili tu, maana inashika kifaa kimoja kimoja. Kunakili tunabandika folda moja kwa moja, vifaa vitano kwa zamu. Angalieni waya! Nusu ya zetu zilikuwa za kuchaji tu, kompyuta haioni kitu. Hizo tumezifunga utepe mwekundu.

PDF za vitabu vya kiada zimegoma. Ukurasa wa A4 kwenye skrini ya inchi 6, herufi kama sisimizi. Ukigeuza kuwa EPUB (faili ya kitabu ambayo maandishi yake hujipanga kulingana na skrini), majedwali na sehemu za hisabati zinavurugika. Hisabati imerudi kwenye karatasi, hadithi zimebaki.

Skrini 3 zimepasuka bila kudondoka, zilibanwa na madaftari ndani ya begi. Aliyesisitiza makava magumu kati yenu, nilimpuuza kwa ubahili. Sasa vinalala kabatini, vimesimama wima.