Tupeane uzoefu: injini ikigoma, ulitengeneza, ulibadilisha au uliuza skrepa?

Mwisho wa Reli: Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota IST ya cc 1500, injini aina ya 1NZ, nipo Mwanga hapa Kigoma. Juzi napandisha Manyovu kwenye msiba, gari imejaa watu na mchele wa rambirambi, geji ya joto ikapanda ghafla. Kuangalia kwenye kioo, nyuma moshi mweupe. Nikazima, tukaivuta hadi gereji. Sasa inawaka ila inamisi, na maji yanapungua wakati chini pakavu kabisa. Fundi wa kwanza anasema tufungue hedi, kile kichwa cha injini kinachofunika silinda. Wa pili anasema tusipoteze muda, tuweke injini nyingine. Wa tatu kaizunguka gari, kapiga teke tairi, akaniuliza naiuza shilingi ngapi. Mke wangu naye anataka bajaji. Waliopitia haya waseme.

Spana 14: Pole mkuu. Kabla ya yote, oili umeiangalia? Chomoa dipstiki na ufungue mfuniko wa oili. Ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia, usiiwashe tena hata kwa kuonyeshana. Kama iko safi, toa plagi zote 4, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, huku mtu amekanyaga mafuta hadi mwisho. Silinda iliyo chini, mimina oili kidogo kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda, ring za pistoni zimekwisha. Isipopanda, ugonjwa uko juu, valvu au gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku. Fundi anayekwambia "weka injini" bila kupima chochote, huyo ana injini ya kuuza.

Mama Mawese: Mdogo wangu pole sana, umenikumbusha Noah yangu, ile ya zamani yenye injini ya 3S. Nilikuwa nachukua mawese Ilagala napeleka Kahama, enzi hizo barabara ya Kibondo ni vumbi tupu na mabasi yanasindikizwa na polisi. Siku hiyo tumechelewa kutoka Kibondo, giza limeingia, ndani tupo mimi na dereva na madumu hadi darini. Gari ikaanza kugonga, ka-ka-ka-ka. Namuuliza dereva nini hiyo, ananijibu "mama, hizo ni kokoto." Kokoto gani zinagonga hata tukipunguza mwendo? Nikanyamaza, maana ukimsema sana dereva usiku anakasirika na wewe ndiye unayemhitaji. Tumepita Kakonko si mbali, ikalia kishindo kimoja, injini kimya. Dereva akashuka na tochi ya simu, akarudi hasemi kitu. Nikashuka mwenyewe. Konrodi, chuma kinachoshika pistoni, imetoboa bloku, tundu la kuingiza ngumi, oili yote imemwagika barabarani. Narudi kukaa, namulika dashibodi, naona kipande cha plasta nyeusi kimebandikwa. Nakibandua, chini yake taa ya oili. Namuuliza, ananiambia ilikuwa inamsumbua macho tangu asubuhi!

Tulilala humo humo, vioo tumefunga kwa kuogopa majambazi, joto na harufu ya mawese, nikawa nahesabu kila taa inayokuja. Alfajiri lori la mahindi likatuvuta. Bloku iliyotoboka haina mjadala, nikanunua injini ya mtumba Kahama, na Noah ikafanya kazi miaka. Lakini yako, mdogo wangu, haijatoboka. Fungueni hedi kwanza.

Kibirizi Boi: Plasta kwenye taa ya oili 😂😂 nimekufa.

Dada wa Kasulu: Dereva wangu ndiye huyo huyo, ila wangu alikuwa anaongeza sauti ya redio.

Mzee wa Ujiji: Vijana mnajaza maneno. Gari ichemshe Manyovu, dawa ni moja, toa thamostati, hako kavalvu kanakozuia maji ya rejeta hadi injini ipate joto, utupe. Zile zimetengenezwa kwa ajili ya nchi za baridi. Hapa kwetu maji yatembee muda wote. Mimi Corolla yangu haijui thamostati ni nini.

Spana 14: Mzee wangu shikamoo, ila hapo unapoteza watu. Thamostati ya 1NZ inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 hadi 84, na injini inatakiwa ifanye kazi kwenye joto hilo. Ukiitoa, ukiwa mjini injini inabaki baridi, inakula mafuta, inajichakaza. Na kama rejeta imeziba, ukipandisha mlima itachemsha vile vile. Imekufa? Weka mpya, si bei ya kutisha.

Mzee wa Ujiji: Marahaba. Nimeanza kuendesha kabla baba yako hajaoa.

Spana 14: Hilo sikatai mzee, nazungumzia nyuzi joto.

Kibirizi Boi: Na wanaojaza maji ya ziwa kwenye rejeta wanasemaje? Maana hapa mwaloni ndiyo kulanti yetu.

Mnyanyembe: Mwangaluka wote, nipo Isevya, Tabora. Naomba niwahadithie yangu halafu mseme mimi na huyu wa IST nani ana shida. Nilikuwa na Carina Ti, injini ya 5A. Ikachemsha, nikaipeleka kwa fundi wangu wa siku zote. Kaifungua, kaniita, kaniambia kwa huzuni kama daktari, "kaka, hii imekufa, hedi imepinda na bloku imepasuka, ukitengeneza unatupa hela." Akaniletea mtu wa skrepa. Tukaelewana 700,000, wakaipakia kwenye Fuso. Nauliza kadi vipi, yule bwana anacheka, "chuma chakavu kina kadi? Tunaenda kuikata kilo kilo." Basi kadi ikabaki kabatini.

Mwezi uliopita naangalia deni la faini za trafiki za pikipiki yangu mtandaoni. Kwa utundu tu nikaingiza namba ya ile Carina. Mwendokasi, Igunga, 30,000. Nikafikiri mfumo umekosea. Nashuka chini, nyingine, Nzega, kuzidisha abiria. WAKUU, GARI ILIYOKUFA IMEPIGWA TOCHI IGUNGA!

Kibirizi Boi: Subiri kwanza. Skrepa imepigwa tochi??

Dada wa Kasulu: Na ilikuwa imezidisha abiria, yaani imefufuka ikaanza na biashara 😂

Mama Mawese: Mungu wangu. Fundi unamwambiaje?

Mnyanyembe: Nilimfuata. Anasema labda wamehamishia pleti kwenye gari nyingine. Namuuliza yule bwana wa skrepa ni nani, anaanza kutafuta spana. Baadaye kijana wake wa gereji akaninong'oneza kwamba yule ni shemeji yake.

Mtu wa Urambo: Nenda polisi leo leo. Gari ikifanya uhalifu au ikigonga mtu, kadi ina jina lako.

Chuma Chakavu TBR: Jamani tusihukumu. Nanunua skrepa, najua hizi mambo. Anaweza akawa kanunua imekufa kweli, akaweka injini nyingine. Gari akishainunua ni yake, ana haki ya kuifufua. Kosa lake ni kadi tu.

Mtu wa Urambo: Wewe ndiye shemeji?

Chuma Chakavu TBR: Heshima ndugu. Sijakutukana.

Mama Mawese: Hata kama aliweka injini, mbona hakusema anainunua kuitembeza? Alinunua kwa bei ya kilo. Huo ni wizi wenye risiti.

Chuma Chakavu TBR: Mama, hata risiti haikuwepo 😅

Dada wa Kasulu: Mnyanyembe, tafuta karatasi ya mauziano, hata kama ni ya daftari, nenda nayo polisi na TRA. Na wewe wa IST, hapo hapo ujifunze upande wa pili. Ukiweka injini ya mtumba, dai risiti na nyaraka zake, namba mpya iandikwe kwenye kadi. Mimi nilinunua Spacio ambayo namba ya injini haifanani na kadi, nikasumbuka hadi nikaichukia gari. Na injini nunua unayoisikia ikiunguruma. Zile zilizolala chini zimepakwa dizeli zing'ae, achana nazo.

Mwisho wa Reli: Wakuu, naona tumehama kwenye IST yangu 😀 Majibu haya hapa. Oili iko safi. Tumepima kompresheni, silinda ya 1 na ya 4 ziko vizuri, ya 2 na ya 3 ziko chini zote mbili. Tumemimina oili, hazikupanda.

Spana 14: Zimekaa jirani, zimeshuka pamoja, oili haikusaidia. Hiyo kwa uzoefu wangu ni gasketi imeungua kati ya 2 na 3. Usinunue injini. Hedi ishuke, ipimwe kwa rula ya chuma kama imepinda, ikipinda ichongwe, na bolti za hedi weka mpya. Halafu utafute kilichochemsha, vinginevyo utarudi hapa. Rejeta, feni, mfuniko wa rejeta, pampu ya maji.

Mtu wa Urambo: Mimi bado nasema uza. Gari iliyochemsha mara moja haiaminiki.

Mama Mawese: Usimsikilize. Bodi ya IST yako ina kutu? Kama haina, tengeneza. Na simama karibu wakati wanafungua, uone hiyo gasketi kwa macho yako kabla fundi hajakuambia "imekufa".

Mwisho wa Reli: Bodi safi mama. Kesho asubuhi nakaa gereji na kiti changu.

Mzee wa Ujiji: Wakifunga, hiyo thamostati wasirudishe.

Kibirizi Boi: Mnyanyembe, faini zimefika ngapi?

Mnyanyembe: Nimeangalia sasa hivi. Imeongezeka moja, Shelui. Inaelekea Singida.