Kikorea: maneno ya kila siku, nahau au misimu ya mtandaoni, kipi kitangulie?

Mpwa_wa_Ukerewe

Wakuu, habari zenu. Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita na anataka kusoma Kikorea ili aombe ufadhili wa GKS, ule wa serikali ya Korea Kusini. Ameniuliza aanze na nini. Mimi nina miaka mitatu kwenye lugha hii, na kila mwaka nilishika njia yake: wa kwanza misimu ya mtandaoni, wa pili nahau, wa tatu maneno ya kawaida ya dukani na nyumbani. Naona nilianzia mkiani, na sipendi yeye apite huko huko.

Hangul, yaani alfabeti ya Kikorea, siiweki kwenye ushindani, hiyo kila mtu aanze nayo. Mfalme Sejong aliitangaza mwaka 1446 ili hata mtu asiye msomi aweze kusoma, ina konsonanti 14 na irabu 10 za msingi, na ukitulia wiki moja inakutosha kuitambua.

Misimu ilinivuta kwa sababu ni mifupi na iko kila mahali. ㅋㅋㅋ ni kicheko. ㅠㅠ ni macho yanayotiririka machozi. ㅇㅇ ni "ee, ndiyo". ㄱㅅ ni konsonanti za mwanzo za gamsa, yaani asante. Baada ya miezi sita nilikuwa nasoma maoni chini ya video na kujiona nimefika. Halafu mwalimu wangu wa mtandaoni, mama wa makamo, akaniuliza kwa ujumbe kama nimepata kazi ya wiki ile. Nikamjibu ㅇㅇ. Hakuniandikia siku mbili, kisha akanieleza taratibu kwamba hivyo huandikiana marafiki wa rika moja, na kwamba kwake nilipaswa kuandika "ne, seonsaengnim", yaani "ndiyo, mwalimu". Iliniuma sana, kwa sababu sikukusudia kumkosea adabu. Nilikuwa najua vifupisho vya maneno ambayo yenyewe sikuyajua.

Mwaka wa pili nikahamia kwenye nahau, na huko nilifurahi kweli, maana Wakorea wanasema kwa viungo vya mwili kama sisi. Bari neolda (발이 넓다), mwenye mguu mpana, ni anayejuana na watu wengi. Gwiga yalda (귀가 얇다), mwenye masikio membamba, ni mwepesi wa kushawishika. Ibi mugeopda (입이 무겁다), mwenye mdomo mzito, ni mtunza siri. Kwetu mzito wa ulimi ni asiyeweza kusema vizuri, kwao mzito wa mdomo anasifiwa. Soni keuda (손이 크다), mwenye mkono mkubwa, ni mama anayepika chungu cha watu kumi kwa wageni wanne. Usimchanganye na mwenye mkono mrefu wa kwetu.

Lakini nahau hazikunisaidia kutaja saa. Kikorea kina hesabu mbili: hana, dul, set ni ya Kikorea chenyewe, il, i, sam imetoka Uchina. Saa unaitaja kwa ya kwanza, dakika kwa ya pili, katika sentensi moja. Se si sibo bun: "se" ni tatu ya Kikorea, "sibo" ni kumi na tano ya Kichina. Na kwa Mswahili kuna mtego wa ziada, kwa sababu "saa tatu" yao ya mchana ni saa tisa yetu. Mwaka wa tatu wote niliutumia kujenga vitu kama hivyo, na ndipo watu wakaanza kunielewa.

Kwa hiyo upangaji wangu: maneno ya kila siku kwanza, nahau zifuate, misimu mwisho. Naomba mnipinge kama nimekosea, mtoto wa watu asipotee.

Dada_wa_Ansan

Nakupinga kidogo, kaka. Naishi Ansan, huku Korea, mwaka wa nne na nafanya kazi na vijana. Vikao vyetu vyote vya kupangana zamu viko KakaoTalk, programu yao ya kutumiana ujumbe, na huko hakuna anayeandika Kikorea cha kitabuni. Ningesubiri misimu hadi mwisho ningekaa mwaka mzima kama bubu.

Sisemi aitamke. Aisome. Hayo ni mambo mawili. Misimu uielewe mapema, uitumie baadaye.

Tena ina utaratibu wake, na mwenye Kiswahili anaushika haraka. Wanakata silabi za mwanzo na kuziunganisha. Chikin na maekju, kuku wa kukaanga na bia, vinakuwa chimaek (치맥). Honja, peke yako, ukiunganisha na bap, wali au mlo, unapata honbap (혼밥), kula peke yako. Ijumaa inayowaka, bultaneun geumyoil, ni bulgeum (불금). Sisi tumefanya hivyo hivyo na TEHAMA, UKIMWI na chajio. Akishaona hivyo, neno jipya halimtishi. Atatafuta silabi zimetoka wapi. Kkul ni asali, jaem ni ufupisho wa neno la kufurahisha, basi kkuljaem (꿀잼) ni kitu kitamu kutazama. Nojaem (노잼) ni kinachochosha.

Mawili ya kumwonya. Idadi ya ㅋ ina maana: tatu au nne ni kicheko, moja peke yake inaweza kusomeka kama dharau. La pili ni neno jonmat (존맛), ambalo vijana wanasifia nalo chakula. Ndani yake mna tusi. Nimemsikia mgeni akilisema mezani kwa mama wa rafiki yake kwa nia njema kabisa, na meza yote ikanyamaza. Aseme masisseoyo (맛있어요), inatosha popote.

Mzee_wa_Mvita

Wanangu, hamjambo. Mimi ni mwalimu mstaafu, nipo Mombasa. Binti yangu ameolewa Busan, nami najifunza kwa ajili ya wajukuu, nisije nikakaa nao nikiwatazama tu.

Mmezipita methali mbio mbio, na mimi ndizo zilizonifungulia mlango. Mkwe wangu mwanamke, mama wa mume wa binti yangu, aliniambia siku moja kwenye simu: sagongi maneumyeon baega saneuro ganda (사공이 많으면 배가 산으로 간다). Wapiga makasia wakiwa wengi, mashua huishia mlimani. Nikamwambia sisi twasema nahodha wengi, chombo huenda mrama. Binti akatafsiri. Yule mama akacheka, akaanza kunipa nyingine, nami nikimrudishia. Mkokoteni mtupu ndio wenye kelele, bin sure-ga yoranhada (빈 수레가 요란하다); nikampa debe tupu haliachi kuvuma. Vumbi likikusanywa huwa mlima mkubwa, tikkeul moa taesan (티끌 모아 태산). Nikampa haba na haba. Tangu siku ile hunitafuta yeye mwenyewe.

Nami sikuwa na maneno mia mbili ya Kikorea wakati huo. Kwa hiyo sikubali kwamba methali ni za kusubiri. Mtu mzima anayezungumza na watu wazima zitamfaa mapema.

Kuna na nahau za chakula, ambazo kamusi haikupi mpaka uulize. Kula supu ya mwani, miyeokgugeul meokda (미역국을 먹다), ni kuanguka mtihani, kwa kuwa mwani unateleza. Na supu hiyo hiyo ndiyo apewayo mzazi aliyetoka kujifungua, na ndiyo huliwa siku ya kuzaliwa. Wazanzibari wanaolima mwani nadhani wataipenda habari hii. Kijana akiulizwa lini atawalisha watu tambi, guksu, anaulizwa ataoa lini. Na aliyeuziwa kitu kwa bei ya kulanguliwa amevishwa kata ya kibuyu kichwani, bagajireul sseuda (바가지를 쓰다).

Mwanafunzi_Daegu

Shikamoo Mzee. Hiyo ya nahodha nimeiandika daftarini.

Mimi nimekuja na huo huo ufadhili, niseme kinachomhusu huyo mdogo moja kwa moja. Ukifika unapewa mwaka mmoja wa lugha, na kabla ya kuanza shahada sharti uwe na daraja la 3 la TOPIK, mtihani wa Kikorea kwa wageni. TOPIK I ina madaraja 1 na 2, TOPIK II ina 3 hadi 6. TOPIK II ni ya alama 300, na daraja la 3 linaanzia alama 120. Kwenye sehemu ya kusoma mara nyingi hutokea swali la kujaza nahau au methali, kwa hiyo anachosema Mzee kina alama zake. Misimu ya mtandaoni haitahiniwi.

Ila jambo ambalo naona mmelipita nyote ni maneno ya ukoo na heshima. Hapo ndipo Mswahili anapomzidi Mzungu darasani, na tunaiacha zawadi hiyo mezani. Wenzangu kutoka Ulaya walihangaika wiki nzima na imo (이모) na gomo (고모). Mimi sikuhangaika hata dakika. Gomo ni shangazi, dada wa baba. Imo ni dada wa mama, yaani mama mkubwa au mama mdogo. Oesamchon (외삼촌) ni mjomba. Kaka mkubwa wa mwanamke ni oppa, wa mwanamume ni hyeong, na mdogo yeyote ni dongsaeng. Tena huwaita hivyo hata wasio ndugu, kama tunavyofanya. Mama anayekuhudumia mgahawani unaweza kumwita imo.

Halafu uri (우리), "-etu". Wanasema uri jip, nyumba yetu, uri eomma, mama yetu, hata kama anayesema ni mmoja. Mwalimu alitumia nusu saa kuwaeleza wenzangu kwa nini. Mimi nilifikiria "nyumbani kwetu" nikaendelea kuandika.

Heshima nayo ina msamiati wake. Chakula ni bap, cha mzee ni jinji (진지). Kulala ni jada, mzee akilala ni jumusida (주무시다). Umri ni nai, wa mzee ni yeonse (연세). Aliyelelewa kumwamkia mkubwa kwa shikamoo anaelewa kwa nini salamu haiwezi kuwa moja kwa watu wote. Sentensi zote aanze kuzifunga kwa -yo, mwisho wa adabu. Lugha ya bila -yo, banmal, ataipata kwa marafiki wenyewe wakimruhusu.

Kamusi: tovuti ya Naver ina ya Kikorea na Kiswahili, msipitie Kiingereza kwa kila neno. Korea wanasoma Kiswahili miaka mingi, Hankuk University of Foreign Studies wanakifundisha hadi shahada. Na aangalie pia kamusi ya wanafunzi ya taasisi ya taifa ya lugha ya Kikorea, inatoa mifano mizuri ya sentensi.

Dada_wa_Ansan

Hapo kwenye imo umenikumbusha siku zangu za kwanza. Niliogopa kumwita mwenye mgahawa chochote, nikawa napunga mkono. Nilipomwita imo mara ya kwanza aliniongezea sahani ya kimchi na kusema "sseobiseu" (서비스). Kwao neno hilo likisemwa mezani ni nyongeza ya bure.

Swali kwako: Daegu wanaongea lahaja, sivyo? Unafanyaje?

Mwanafunzi_Daegu

Wanaongea, dada. Darasani nafundishwa bap meogeosseoyo, umekula? Nje mzee wa jirani ananiuliza "bap munna?" (밥 뭇나?). Wiki za kwanza sikujua kama ni swali lile lile. Nimeamua niielewe kwa masikio, nijibu kwa Kikorea cha kawaida. Na niongeze: hilo swali ni salamu. Hawakukaribishi, wala hawataki orodha ya ulichokula. Unajibu ne, meogeosseoyo, umemaliza.

Mzee_wa_Mvita

Busan nako ni hivyo hivyo. Wajukuu wananisahihisha wakisikia nasema kama kitabu. Nawaambia mimi pia ni Mvita, Kiswahili cha redioni nilijifunza shuleni.

Mpwa_wa_Ukerewe

Asanteni sana. Nimebadilisha mpangilio. Maneno ya ukoo na miisho ya heshima nimeyapeleka mbele kabisa, pamoja na hesabu zile mbili. Methali moja kila Jumapili, aandike ya Kikorea na ya Kiswahili ukurasa mmoja, kama alivyofanya Mzee. Misimu asome tu, asiandike, hadi apate rafiki wa rika lake wa kumrekebisha. Dada, kuhusu kusoma mapema umenishinda. Lakini nilikuwa na orodha ya maneno 60 ya misimu niliyokusanya, na leo nimeifuta zaidi ya nusu. Gapbunssa (갑분싸), la hali ya hewa kupoa ghafla kwenye mazungumzo, lilikuwa kila mahali mwaka 2018. Leo akilisema ataonekana amechelewa. Sagong wa Mzee bado yuko mlimani.

Nimemwambia ajiunge hapa ajitambulishe.

Hangul_Siku_Tisa

Shikamooni wote. Mimi ndiye mdogo wake. Nimesoma kila mlichoandika. Najaribu kusema hamjambo, mimi ni Mtanzania, nina miaka kumi na minane:

안녕하세요. 저는 탄자니아 사람입니다. 저는 십팔 살입니다.

Mwanafunzi_Daegu

Marahaba mdogo wangu, karibu. Siku tisa na herufi zote ziko mahali pake, umefanya vizuri. Sentensi mbili za kwanza ni sahihi kabisa.

Ya tatu irekebishe leo hii kabla hujaizoea. Umri ukiufuatisha na sal (살) unatumia hesabu ya Kikorea, si ya Kichina. Na kwa 18 ni muhimu zaidi, kwa sababu sip-pal ikitamkwa inakaribia sana tusi zito. Hukukosea kwa ubaya na hakuna atakayekukasirikia hapa, ila kwenye usaili usiiseme hivyo. Kumi ni yeol, nane ni yeodeol. Na usiongeze mwaka kama ulivyosoma kwenye vitabu vya zamani: tangu Juni 2023 sheria yao inahesabu umri kuanzia siku ya kuzaliwa, kama sisi.

Hangul_Siku_Tisa

Asante sana kaka.

저는 열여덟 살입니다.

Mzee_wa_Mvita

Barabara. Sasa isome kwa sauti mara tatu, halafu mwambie kaka yako akusikilize.