Tupeane uzoefu: mgeni wa pikipiki ajiandaeje kabla ya kutoka na kundi?

Mtoa mada
Wakuu, wikiendi makundi yanatoka Dar kwenda Bagamoyo, Morogoro, wengine hadi Lushoto, na hakosekani mgeni aliyenunua pikipiki juzi. Hapa tusiweke hadithi za nani aliangukia wapi. Tuweke mazoezi, vipimo na makosa. Naanza na langu: ukiwa kundini, akili inatakiwa iwe barabarani na kwa wenzako. Kama gia bado unaitafuta kwa kufikiria, au lazima uiname kuona indiketa imezimika au la, baki kwanza peke yako.

Klachi Laini
Anzia uwanja mtupu, gia ya kwanza. Achia klachi polepole mpaka injini izame kidogo na pikipiki itake kwenda. Hapo ndipo inaposhika, na ndipo unapotakiwa kukaa. Gusa breki ya nyuma kidogo, nenda mwendo wa mtembea kwa miguu kwa mita 20 bila kushusha mguu. Ukiweza mara kumi mfululizo, jaza mchanga chupa tano za maji, zipange mita 4 kutoka moja hadi nyingine, pita zigizaga. Baadaye zisogeze ziwe mita 3. Kisha geuza yuteni kulia na kushoto. Karibu kila mtu ana upande mbovu. Huo ndio wa kuupa muda zaidi.

Kosa la hatua hii ni kushika breki ya mbele huku usukani umekatwa. Mwendo ni mdogo, lakini pikipiki inalala papo hapo. Dakika 30 kwa siku zinatosha, mkono wa klachi ukichoka unaanza kuzoea makosa.

Jingine ambalo watu hulidharau: kuna pikipiki ambazo gia zote unapandisha kwa kukanyaga mbele, na kuna ambazo ya kwanza iko chini na nyingine juu. Ukihama kutoka aina moja kwenda nyingine, jipe wiki mbili za mitaani kwanza. Ukishtuka, mguu unarudi kwenye mazoea: unakanyaga ukidhani unapandisha, kumbe unashusha, na tairi la nyuma linafunga ukiwa kwenye 70.

Breki Mbili
Vijiweni watu wanafundishana kwamba breki ya mbele inarusha. Matokeo yake mtu anakanyaga ya nyuma peke yake, tairi linakwaruza na pikipiki haisimami. Ukifunga breki uzito unahamia mbele, kwa hiyo tairi la mbele ndilo linaloshika, na la nyuma linabaki jepesi.

Zoezi: lami kavu, usukani umenyooka, mwendo 30. Vidole viwili, vuta kama unakamua chungwa, usinyakue. Shokapu zikishashuka ndipo uongeze nguvu. Ya nyuma iguse tu, klachi uivute mwishoni. Fanya mara 20, ndipo uende 40, kisha 50. La mbele likifunga, achia mara moja, shika upya.

Hesabu yake: kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde moja inaliwa na kushtuka, halafu hata breki nzuri itataka kama mita 20 nyingine. Hiyo ni mita 37, sawa na mabasi mawili marefu ya mwendokasi yaliyofuatana.

Pembezoni Mchanga
Mkuu, kwa lami kavu nakubali. Lakini njia za ndani za Goba au Kigamboni ni mchanga. Huko maliza breki kabla hujaingia, legeza mikono, bana tangi kwa magoti, vuta mafuta kidogo bila kukata. Ukikata ghafla tairi la mbele linazama. Tuta ni hivyo hivyo: breki kabla, achia ili shokapu zipande, inuka kidogo kwenye vikanyagio.

Mvua ikianza tu ndiyo mbaya zaidi, vumbi na oili vinaelea. Ogopa rangi nyeupe ya zebra na lami ya vituo vya daladala.

Mfunga Kundi
Mpangilio. Kwa kuwa tunapita kushoto, kiongozi hukaa upande wa kulia wa njia yake. Wa pili anakaa upande wa kushoto, sekunde moja nyuma. Wa tatu anakaa kulia, sekunde mbili nyuma ya kiongozi. Kwenye kona, matuta, mvua na foleni, mstari mmoja.

Mgeni mpeni nafasi ya pili. Wengi humweka mwisho wakidhani wanamhurumia, na ndiko anakoteseka: kiongozi akitoka 70 kwenda 80, pengo linavutika mtu hadi mtu, na wa kumi anajikuta kwenye 100 akifukuzia. Kuovateki kila mtu ajiangalizie mwenyewe. Nafasi iliyomtosha wa mbele huenda imeshafungwa ukifika wewe. Ukishapita, songa mbele ili wa nyuma yako apate pa kuingia.

Klachi Laini
Na njia zipande kwa ngazi. Jumapili alfajiri Mwenge hadi Bunju na kurudi. Kisha Bagamoyo, kama kilomita 70 kutoka katikati ya jiji. Ndipo Chalinze kwa Morogoro Road, kujifunza malori: ukipishana nalo upepo unakusukuma, likishapita unakuvuta. Mikono ikikakamaa pikipiki inayumba zaidi. Mkiwa watu wawili, rudini kwa Msata na Bagamoyo, mzunguko wa karibu kilomita 280. Hapo mtajua kama kiuno na kiti vinapatana. Kilomita 3,000 za Kariakoo zinakupa macho ya foleni, lakini kona ya mwendo wa 80 hazikufundishi.

Dada Spana
Jioni ya kuamkia safari: pima upepo tairi zikiwa zimepoa. Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 hutaka kama PSI 25 mbele na 28 nyuma, ukibeba mtu nyuma iwe 32, ila fuata kitabu cha yako. Cheni icheze milimita 20 hadi 30, ukiipima katikati ya upande wake wa chini. Ikikazwa sana itakula beringi, na shokapu ikibonyea cheni inaweza kukatika. Jaza tangi usiku huo huo, kwa sababu kundi hupanga vituo kwa tangi dogo kuliko yote.

Kama tairi zako zina tyubu, beba moja ya mbele na moja ya nyuma, na spana ya ekseli ya nyuma. Mafundi wa Mlandizi wana spana za pikipiki za kawaida, ya kwako kubwa huenda hawana.