Kadi za mkono za rafiki yangu: nizitoe zilivyo, nizikate upya, au ninunue za dukani?

MamaNuru_Gungu
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi nina shughuli mbili. Asubuhi kipaimara cha mtoto wa mdogo wangu kule Mwandiga, jioni sendofu ya binti wa jirani hapa Gungu, Kigoma. Cha kuweka kwenye bahasha kipo, kadi ndiyo inanisumbua. Nyumbani nina boksi la kadi za kutengeneza kwa mkono, kazi ya rafiki yangu, nzuri kweli. Kuna za kitenge, na kuna zile za maganda ya mgomba zenye picha ya mama na mtungi kichwani. Naona njia tatu: nizitoe kama zilivyo, nikate picha ya mbele niibandike kwenye manila mpya, au niachane nazo ninunue steshenari pale Mwanga. Ipi ina heshima zaidi?

Mwl_Katubuka
Dada, umetuacha hewani. Zimeandikwa ndani au ni tupu? Alikupa ili uzitumie, au ni kadi alizokuletea wewe moja moja kwenye sikukuu zako? Nyuma kuna jina lake? Na hao utakaowapa wanamfahamu? Usipotujibu hayo, kila mtu hapa atajibu swali lake mwenyewe.

Mpwa_Kibirizi
Nunua ya dukani, yaishe. Watu wanaangalia kilichomo. Kamati ikishafungua inaandika kiasi kwenye daftari, kadi inaenda na taka kesho yake asubuhi.

FundiKadi_Ujiji
Kaka, hizo ni kadi za kwenu. Mimi natengeneza hizi kadi, ngoja nieleze kitu.

Kuna mwenzangu wa kazini alikuwa anaolewa. Nilikuwa na kipande cha kitenge cha marehemu bibi, kile cha zamani kutoka ng'ambo ya ziwa, kahawia na njano. Mama alikigawa vipande kwa wajukuu wote. Nikakata kidogo, nikamvalisha bibi harusi kwenye kadi, na pindoni nikashona shanga za bluu. Bluu zikaniishia imebaki nafasi moja, nikaweka nyeupe. Nyuma, kwenye kona, nikaandika jina langu kwa wino, dogo tu. Ndani nikamwandikia maneno yangu.

Ikapita miezi. Nikaalikwa sendofu nyingine, nikapangwa meza ya kupokea zawadi. Ikaja bahasha kubwa, natoa kadi ili niandike jina la mtoaji, ni ile ile. Shanga nyeupe iko mahali pake. Kona ya nyuma imekwanguliwa kwa wembe mpaka karatasi imetoa manyoya, juu yake wamebandika stika ya ua. Ndani wamegandisha karatasi mpya juu ya maneno yangu, na ukiinua kwenye taa unasoma jina la bibi harusi wa kwanza. Mpokeaji naye angeliona siku yoyote akikaa na kadi yake dirishani.

Niliandika kiasi kwenye daftari nikaendelea na kazi. Kadi kufika kwa mtu mwingine hakukuniuma hivyo, angeniambia ningemtengenezea hata tatu. Kilichoniuma ni ule wembe. Mtu alikaa chini, akatafuta jina langu, akalitoa. Kwa hiyo Mama Nuru, fanya utakavyo, lakini jina la mwenzio liache.

Mnyamwezi_Isevya
Pole sana dada, salamu kutoka Tabora. Pamoja na hayo, mimi nashikilia kwamba ukishampa mtu kitu ni chake. Ukimpa mtu kuku, humfuati kumuuliza kama amemla au amempelekea mkwe. Ushauri wangu, acheni kadi. Huku mtu anabeba kidumu cha asali ya Sikonge, amekifunga kitambaa, na hakuna anayeuliza kimepitia mikono ya nani.

FundiKadi_Ujiji
Asali haikuandikwa "kwa mpendwa fulani" ndani yake.

Mnyamwezi_Isevya
Lakini asali nayo ina mrinaji, na amepanda mti usiku na moshi machoni. Mbona yeye hatumtaji?

FundiKadi_Ujiji
Basi naye tumtaje! Mimi sina ugomvi na hilo.

MamaNuru_Gungu
Mwalimu, majibu haya hapa. Boksi lina za aina mbili. Zipo tupu, alinipa furushi zima alipohamia Dodoma, akaniambia tumia. Nyingine ni alizonipa mimi na watoto, zimeandikwa, na ndizo nzuri zaidi. Zote nyuma zina mhuri wake, ua na herufi mbili za jina. Bibi harusi hamjui. Ila mdogo wangu anamjua vizuri, waliimba kwaya moja.

Mwl_Katubuka
Sasa tunaelewana. Hizo tupu hazina mjadala, alikupa ili zitoke. Mhuri uache, na chini yake uandike kwamba ni kazi ya rafiki yako. Kwa mdogo wako ndiyo usifiche kabisa, maana ataitambua kabla hajaifungua.

Zilizoandikwa ni barua zako. Kukata upande wa mbele si dhambi, wenzetu wamefanya. Kule Nevada, Marekani, kituo cha kulelea watoto cha St. Jude's Ranch for Children kimekuwa kikipokea kadi zilizokwisha kutumika ili zitengenezwe kadi mpya. Walitaka upande wa mbele tu, na nyuma yake pasiwe na maandishi. Kadi za Hallmark, Disney na American Greetings walizikataa kwa sababu ya hakimiliki. Kwa hiyo hata huko kwenye kutumia upya, walijiuliza kazi ni ya nani. Na sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inampa mtunzi haki ya kutajwa kwa kazi yake.

Mpwa_Kibirizi
Mwalimu, sheria kwenye kadi ya sendofu? Hizi kadi zenyewe ni mambo ya wageni. Ile ya kwanza ya Krismasi kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, kwa Henry Cole.

FundiKadi_Ujiji
Ile ilichapwa, nakala kama 1,000 za picha moja. Hapa tunazungumzia kitu kimoja kilichoshonwa kwa sindano, na mgomba wenyewe umetoka hapa hapa.

Bibi_Mwandiga
Wanangu, nawasoma. Mimi upande wenye maneno nabandika kwenye daftari langu, upande wa picha nawapa wajukuu wafanyie kadi za wenzao. Sijaona ubaya wake, ila mwenye kazi nilimuuliza kwanza na akacheka akakubali.

Mama Nuru, ukiamua kukata, za mgomba usizitie mkasi. Ganda likikauka linapasuka pale pale kwenye mtungi. Geuza kadi, weka rula, pitisha wembe mpya kwenye karatasi ya chini taratibu. Na kabla ya yote fungua boksi unuse. Masika haya kitenge kikishikana na gundi kinaota ukungu, utampelekea mtoto wa kipaimara kadi yenye harufu ya stoo.

Mnyamwezi_Isevya
Bibi shikamoo. Ni gundi gani hiyo inayoota ukungu? Mke wangu anatumia gundi moto, naona haina shida hiyo.

Bibi_Mwandiga
Marahaba. Ile ya unga wa muhogo ya kupika, ndiyo tuliyozoea. Inashika vizuri lakini wadudu nao wanaipenda.

FundiKadi_Ujiji
Gundi moto inaachia kadi ikisahauliwa juani kwenye gari, na inaacha vinundu chini ya kitenge. Mimi natumia ile nyeupe ya mafundi seremala, kidogo sana, halafu naweka chini ya vitabu vizito usiku kucha. Na manila ya steshenari nyingi ni nyepesi, inajikunja. Gandisha mbili.

MamaNuru_Gungu
Asanteni wote. Kadi nimezinusa, mbili za kitenge zina ukungu kweli. Rafiki yangu nimempigia, simu haipatikani, nimemwachia ujumbe. Kipaimara nitatoa ile tupu ya mama na mtungi, yenye mhuri wake. Kwa sendofu bado moyo unasita, kwa sababu ile inayofaa hasa kwa bibi harusi imeandikwa jina langu ndani.

Mpwa_Kibirizi
Si bado kuna siku? Dada wa Ujiji, unapokea oda? Na mimi nina harusi ya kaka mwezi ujao.

FundiKadi_Ujiji
Napokea. Leta kipande cha kitenge cha kwenu, na uniambie bibi harusi anapenda rangi gani.

Mnyamwezi_Isevya
Na Tabora unatuma? Treni ipo.