Eti "mtoto alisaini mwenyewe"!

Wakuu, mkono bado unatetemeka. Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Jana kijiweni tunaongea habari za almasi ya Koh-i-Noor, ile ya India iliyoishia kwenye taji la Uingereza, yeye huku anapangusa kashata kidevuni akaropoka: "Waingereza hawakuiba. Mtoto alisaini mwenyewe."

Alisaini mwenyewe! Duleep Singh, mfalme wa Punjab kule India, alikuwa na miaka 10! Mwaka 1849, jeshi la Punjab limeshapigwa, mama yake Jind Kaur wamemtenga naye na kumfunga mbali, ndipo mtoto anawekewa karatasi. Mkataba wenyewe wa Lahore unasema almasi isalimishwe kwa Malkia. Isalimishwe! Zawadi gani inasalimishwa?

Mwanangu ana miaka 10. Juzi katoa viatu vipya vya shule, kapewa kishada cha karatasi. Nilienda kwa wazazi wa mwenzake, nikarudishiwa viatu mlangoni, na pole juu. Hakuna aliyeniambia "alikubali mwenyewe".

Nimekesha. Kila nikifumba macho naiona ile kashata.

Bongolala: Umekesha kwa almasi ya Wahindi, na kodi ya nyumba umelipa?

Kipanga73: Irudi kwa nani sasa? India wanaidai, Pakistan wanaidai, Iran na Afghanistan nao wamo. Ranjit Singh mwenyewe, baba yake Duleep, aliichukua kutoka kwa Shah Shuja, aliyekuwa mfalme wa Afghanistan, mwaka 1813, tena kwa kumbana.

Mleta uzi: Sijauliza irudi kwa nani. MIAKA KUMI!!

Mmakonde Halisi: Sisi wa Lindi tuseme nini? Mifupa ya dinosaria wa Tendaguru ilichimbwa na Wajerumani 1909 hadi 1913, babu zetu wakaibeba kichwani mpaka bandarini. Leo mjusi wetu kasimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu, watu wanakata tiketi kumtazama.

Mtana: Afadhali wenu anaonekana. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Kenya, ilichukuliwa na Waingereza enzi za ukoloni na iko stoo British Museum, London.

Bongolala: Huyo wa kashata si ndiye aliyekopa mchango wa harusi?

Kipanga73: Ndiye! Yangu hajarudisha mpaka leo.

Mleta uzi: Wakuu, turudi kwenye mtoto.

Mmakonde Halisi: Mtana, ngoma hata ndege inaibeba. Mjusi wetu anahitaji meli.